Kabla uuze laptopu yako, angalia inakwama wapi

Kila kijana anayeanza kucheza video laivu huku Kisumu ananiuliza swali moja, ninunue laptopu gani, na mimi namrudishia lingine, ile uko nayo inakwama wapi? Wengi hawajui. Wanachojua ni kwamba shoo ilikuwa inaenda poa, alafu picha ikaganda kwa skrini kubwa mbele ya watu, emsii akageuka kuangalia nyuma, na kesho yake mtu anatafuta mteja wa hiyo laptopu ndio aongezee pesa achukue ya gaming. Hiyo gaming ata ikiwa imetumika ni kodi ya nyumba ya miezi mingi kwa mtu wa Nyalenda ama Manyatta, na nimeona watu wakijinyima wakainunua, alafu wakaenda kazi ya kwanza na picha ikaganda vilevile. Hiyo inaniuma. Ndio maana naandika hii yote mahali pamoja.

Wacha kwanza nieleze kazi yenyewe, juu wengi wanadhani ni kubonyeza play. Dijei anachanganya nyimbo, mimi nachanganya picha. Programu kama Resolume, au VDMX kwa wenye Mac, au TouchDesigner kwa wale wanapenda kuunda picha kutoka mwanzo, inakupa leya, moja chini ingine juu, kila leya na klipu yake, unaongeza rangi, unakata, unarudisha nyuma, unafuata ngoma, na yote hayo yanahesabiwa papo hapo watu wakiangalia. Mtu wa kuediti akibofya ekspoti anaweza enda kunywa chai, laptopu imalize saa yenye itamaliza. Sisi hatuna hiyo nafasi. Video ya fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 zinazofuatana, inaipa laptopu milisekunde 33 kwa kila fremu, ya fremu 60 inaipa chini ya 17, na ndani ya hizo milisekunde lazima faili isomwe kutoka kwa diski, ifunguliwe, leya zipangwe, efekti zipite, picha itoke kwa HDMI. Sehemu moja tu ikichelewa fremu inaanguka. Hiyo moja ndio unafaa kuitafuta, na mara nyingi dawa yake ni bei ndogo sana ukilinganisha na laptopu nzima.

Mimi huanza na skrini kabla ata sijagusa laptopu. Hizi skrini za LED tunakodishiwa kwa harusi na krusedi na mikutano, nyingi ni P3.91, maana yake kutoka pikseli moja hadi ingine ni milimita 3.91, na kipande kimoja cha nusu mita kwa nusu mita kina pikseli 128 kwa 128. Sasa piga hesabu. Skrini ya mita 4 kwa mita 3, ambayo ndani ya ukumbi inaonekana kubwa ajabu, ni vipande 8 kwa 6, yaani pikseli 1024 kwa 768. Basi, ni hizo tu, hazifiki ata laki nane. Full HD ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2, na 4K ni zaidi ya milioni 8. Kwa hivyo mtu anayekuja na klipu za 4K juu amesikia ndio safi, anailazimisha laptopu ifungue pikseli mara kumi ya zile skrini inaweza kuonyesha, alafu zinazobaki zinatupwa bila mtu yeyote kuziona. Ikiwa ni P4.81 pikseli ni chache zaidi, kile kipande cha nusu mita kinabeba 104 kwa 104 peke yake. Na ile kadi inayotuma picha kwa skrini, ndio naita kifaa cha skrini, nayo ina kipimo chake, kwa mfano Novastar MCTRL300 inabeba pikseli milioni 1.3, kwa hivyo ata ukileta nini hapo mbele mwisho wake ni hapo.

Ndio maana nikipigiwa simu ya kazi siulizi skrini ni mita ngapi. Namuuliza mwenye skrini, boss, ni pikseli ngapi kwa ngapi? Fundi wa skrini akijua kazi yake anakujibu mara moja. Hapo naingia kwa programu naweka kompozisheni, yaani eneo lote la picha ninayotoa, iwe kipimo hicho hicho, 1024 kwa 768, HDMI inaendelea kutoa 1920 kwa 1080 kama kawaida lakini picha yangu iko kona ya juu kushoto na kifaa cha skrini kinachukua hiyo kona peke yake. Kwa hiyo hatua moja, bila kununua chochote, laptopu imepunguziwa mzigo zaidi ya nusu. Kuna watu nimewafanyia hii kwa simu tu, mimi niko Kisumu wao wako Nakuru, na ile laptopu walitaka kuuza iko nao mpaka leo.

Sasa tukuje kwa klipu zenyewe, na hapa nitakaa kidogo juu hapa ndio penye shida nyingi.

Video nyingi unazopata, ya simu, ya YouTube, ya WhatsApp, ni H.264 au ile mpya kidogo HEVC. Hizo zimeundwa ziwe faili ndogo, na venye zinafanya ni kwamba hazihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, alafu zinazofuata inaandika tu ni nini kimebadilika, mpaka ifike fremu ingine kamili. Ukicheza kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna shida, laptopu yoyote ya miaka hii ina sehemu maalum ya kufungua hizo. Lakini sisi hatuchezi hivyo. Niko na klipu ya isukuti, ile ngoma ya Waisukha na Waidakho huko Kakamega, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ni mikono ya mpigaji tu, karibu, ile ngozi ya ngoma unaiona ikitetemeka. Hiyo klipu naicheza na vidole kwa padi, naruka katikati, narudi nyuma, napiga pigo moja mara nne mfululizo nikifuata wachezaji walio jukwaani. Ikiwa H.264, kila nikiruka laptopu inatakiwa irudi kutafuta fremu kamili ya karibu, ianze kujumlisha mabadiliko mpaka ifike pale nimebonyeza, na wakati inamaliza hesabu mkono wa mpigaji umeshashuka tayari. Kurudisha nyuma ndio mbaya zaidi. Prosesa inapanda juu, feni inalia, picha inaruka, na ngoma na mkono haviko pamoja tena. Kwa isukuti hiyo haikubaliki, watu wa huko wanajua pigo linaanguka wapi na wataona.

Kuna kodeki, yaani njia za kubana na kufungua video, zilizotengenezwa kwa hii kazi. HAP iliandikwa na Tom Butterworth pamoja na kampuni ya VIDVOX, wale wa VDMX, na iko wazi kwa mtu yeyote bure. Resolume wako na yao inaitwa DXV, na wanatoa programu ya bure inaitwa Alley ya kubadilisha klipu zako ziwe DXV. Zote mbili zinafanya kazi kwa wazo moja, kila fremu inajitegemea, na imebanwa kwa njia ambayo kadi ya grafiki, ile sehemu ya kuchora picha, inaielewa moja kwa moja, kwa hivyo prosesa haina kazi kubwa ya kufanya. Unaruka popote, unarudi nyuma, inakuja papo hapo. Mimi kazi ya jioni hubadilisha klipu zote usiku wa kuamkia hiyo siku, nikiziweka moja kwa moja kwa kipimo cha skrini, upana na urefu vikiwa vinagawanyika kwa 4 juu hizo kodeki zinabana picha kwa vijisanduku vya pikseli 4 kwa 4.

Bei ya hiyo raha ni ukubwa. HAP ya kawaida inakula nusu baiti kwa pikseli, kwa hivyo Full HD ya fremu 30 ni kama megabaiti 31 kila sekunde, HAP Q ambayo ni safi zaidi ni mara mbili ya hapo, karibu 62. Hiyo ni kabla haijabanwa tena mara ya mwisho, inaweza pungua kulingana na picha. Klipu ya dakika tano ya HAP ya kawaida inaweza karibia gigabaiti 9. Lakini angalia tena ile skrini yetu ya 1024 kwa 768, HAP yake ni kama megabaiti 12 kwa sekunde, ni kidogo tu. Unaona venye hesabu ya skrini inarudi kila mahali.

Usikimbilie HAP ya kawaida kwa kila kitu pia. Niko na picha nilipiga usiku upande wa Dunga, taa za wavuvi wa omena zimetawanyika juu ya maji, giza limezunguka kila taa linafifia polepole. Nilipoibadilisha kwa HAP ya kawaida lile giza likakatika vipande, unaona duara juu ya duara kuzunguka kila taa, juu hiyo njia ya kubana haina rangi za kutosha kwa mahali rangi inabadilika polepole. HAP Q ikamaliza hiyo shida. Kwa hivyo zile zenye giza na anga na ukungu naziweka Q, zile zenye mwendo na rangi kali naziacha kawaida. Na ile klipu ya kamati ya harusi inayotumwa WhatsApp bibi harusi akiwa tayari kwa mlango, hiyo acha ibaki H.264 bana, itachezwa mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, haina haja ya kubadilishwa.

Baada ya klipu ndio unaangalia diski. Laptopu ikiwa bado na ile harddiski ya kuzunguka, mizunguko 5400 kwa dakika, yenyewe inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikisoma faili moja kwa mstari, lakini ukifungua leya tatu, faili tatu tofauti, kile kichwa chake kinaanza kukimbia huku na kule na hiyo spidi inaanguka vibaya sana. SSD, diski isiyozunguka, ile ya SATA inapita 500 na haijali faili ziko wapi. NVMe, ile aina ya SSD ya kasi zaidi, ya kizazi cha tatu inaweza fika 3500. Watu hukimbilia NVMe juu ya hiyo namba, lakini kwa leya tatu nne za Full HD, SATA inatosha kabisa, hauwezi ona tofauti. Kama sloti yako ni ya SATA usisikitike. Kitu cha kuangalia ni umbo, juu kuna SSD za M.2, vile vibao vyembamba, ambazo ni SATA na zingine za M.2 ni NVMe, zinafanana kwa macho, na kuna laptopu zinakubali aina moja peke yake. Uliza fundi kabla ulipe.

Kwa bahati nzuri zile laptopu za ofisi zinazokuja kutoka ng'ambo zikiwa zimetumika, zile tunaita ex-UK, nyingi zimefanywa na watu waliofikiria kuongeza. HP EliteBook 840 G3 ina sloti mbili za RAM, ile memori ya kufanyia kazi, nafasi ya M.2 na nafasi ya diski ya inchi 2.5, kwa hivyo unaweza weka Windows kwa moja na klipu kwa ingine. ThinkPad T480 pia ina sloti mbili za RAM. Lakini T490 iliyoifuata wakaiwekea RAM moja imechomelewa kwa bodi na sloti moja, na X1 Carbon imechomelewa yote, na Mac za M1, zile zilianza mwisho wa 2020, RAM na diski zote hauwezi gusa. Mtu anaweza fikiri mpya ndio bora, alafu anapata laptopu nyembamba nzuri ambayo haiwezi ongezwa ata kijiko cha sukari.

RAM yenyewe, 8GB inafanya kazi, 16GB ndio unatulia. Lakini kuna kitu kuhusu RAM watu hawaambiwi na kwa laptopu zetu hizi ndio muhimu kuliko ukubwa. Laptopu isiyo na kadi ya grafiki ya pembeni inatumia grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa, na hiyo haina memori yake, inakopa RAM ya kawaida. Sasa kijiti kimoja cha DDR4 2400 kinapitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Ukiweka viwili, kila kimoja kwa sloti yake, njia zinakuwa mbili na inafika 38.4. Kwa hivyo vijiti viwili vya 8 vinashinda kimoja cha 16 kwa kazi ya picha, na bei karibu ni ile ile. Ukipata laptopu ina kijiti kimoja na sloti ingine iko tupu, hiyo ndio pesa ya kwanza ya kutumia. Nimeiona ikitoa laptopu kutoka fremu zinazoruka ruka mpaka 30 imetulia, na haikuguswa kitu kingine chochote.

Alafu kuna joto, na hapa Kisumu lazima tuongee juu ya joto. Mchana nyuzi 30 ni kawaida, ndani ya hema la harusi na watu mia kadhaa ni zaidi, na laptopu imewekwa nyuma ya spika kwa meza yenye kitambaa cha satini kinachoziba hewa ya chini. Prosesa kama i5-8250U inapanda mpaka 3.4 gigahezi ikiwa na nafasi, lakini ikikaribia nyuzi 100 inajikinga yenyewe, inashuka, na inaweza shuka mpaka ile spidi yake ya msingi 1.6. Ndio unasikia mtu anasema nyumbani ilikuwa inafanya vizuri saa mbili nzima. Nyumbani kulikuwa na dirisha. Wenzetu wa Nakuru wako juu zaidi ya mita 1800 na usiku wao una baridi, laptopu ile ile inamaliza shoo huko na hapa inakufa saa tisa mchana.

Kuna dada mmoja ni fundi, ana kibanda orofa ya juu karibu na Oginga Odinga Street, nilimpelekea laptopu ya rafiki yangu mpiga kinanda wa kanisa iliyokuwa inaganda kila Jumapili wakati wa mahubiri. Akageuza, akafungua skrubu, akatoa feni, alafu akainua ile sehemu ya shaba yenye vipenyo vyembamba vya kupitisha hewa akanionyesha kwa taa ya simu. Hakukuwa na vipenyo. Kulikuwa na vumbi limeshikana limekuwa kama blanketi, unaweza likunja ukaliweka kando likiwa kipande kimoja. "Kaka, si unaona, hii hewa ilikuwa inapitia wapi?" Akalitoa na kibano, akapuliza, akafuta ile pesti ya zamani iliyokauka juu ya prosesa na spiriti, akaweka mpya kiasi cha punje ya mchele, akafunga. Tukaipima na HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha joto la kila sehemu, tukicheza klipu zile zile za Jumapili, na ile nyuzi 98 ikawa haifiki tena 80. Mimi nikamuuliza anashauri ifanywe kila baada ya muda gani, akasema kwa vumbi la huku na hizi barabara, mara moja kwa mwaka, na ikiwa inafanya kazi za nje usingoje mwaka. Nilimlipa pesa ndogo sana kwa ile kazi alifanya, na naona mafundi kama yeye wanabeba nusu ya hii tasnia bila mtu kuwataja.

Stima ni hadithi fupi. Laptopu ikitoka kwa chaja ikaingia betri inajipunguza nguvu, hasa zile zenye kadi ya grafiki, kwa hivyo jenereta ikizimika hauzimiki lakini fremu zinaanza kuanguka. Kuna zingine zinauliza chaja ni ya wati ngapi, na ukichomeka chaja isiyotambuliwa inakubali kufanya kazi lakini pole pole sana, na unaweza laumu kila kitu kabla ukumbuke chaja. Beba chaja yako mwenyewe ile ya asili. UPS ndogo weka kwa kifaa cha skrini, juu laptopu ina betri lakini kile kifaa hakina, na kikizimika skrini yote inakuwa nyeusi.

Kamera ni kitu kingine. Makanisa mengi sasa yanataka pasta aonekane kwa skrini akihubiri. Video ya Full HD fremu 60 isiyobanwa ni karibu megabaiti 250 kwa sekunde, na USB 2.0 ata kwa karatasi haipiti 60, kwa hivyo kile kifaa kidogo cha kuingiza HDMI cha USB 2.0 lazima kibane picha kwanza, laptopu ifungue, na hapo mdomo wa pasta unachelewa nyuma ya sauti yake. Fremu nne tu kwa video ya 30 ni milisekunde 133, mtu wa kiti cha mbele anaona. Hapo nunua kifaa cha USB 3.0 na ukichomeke kwa tundu la USB 3.0 kweli. Ni mahali pamoja ambapo nasema toa pesa bila kusita.

Sasa ukishafanya hayo yote na bado inakwama, hapo ndio tunaongea kadi ya grafiki. Fungua Task Manager wakati klipu zako zinacheza, angalia sehemu ya Performance. Windows 10 tangu toleo la mwisho wa 2017 inaonyesha GPU pia, yaani grafiki, ile 3D ya kuchora na ile Video Decode ya kufungua video kando. Diski ikiwa 100 ni diski. Video Decode ikiwa juu ni zile H.264 zako. Prosesa usiangalie namba ya jumla peke yake, fungua uone kila kiini, juu kimoja kinaweza kuwa kimejaa na jumla inasoma 25. Na ikiwa ni 3D iko 95 mpaka 100 na vingine vyote vimetulia, basi ni grafiki, na kwa laptopu grafiki karibu zote zimechomelewa, hakuna fundi atakubadilishia. Kuna njia ya kadi ya nje kupitia tundu la kasi linaitwa Thunderbolt 3, ile T480 inayo hiyo Thunderbolt, lakini unabeba sanduku, pawa saplai na kadi yenyewe, na mtu anayepanda matatu kwenda Bukhungu huko Kakamega na begi la nyaya hawezi kuongeza hiyo. Mimi siishauri kwa kazi zetu za kuzunguka.

Kwa hivyo huyo ndiye mtu anayefaa kununua laptopu ingine. Yule wa leya nyingi na efekti nzito, wa kupiga picha kwa ukuta na projekta mbili, wa skrini za mita 10 na zaidi. Anayejifunza TouchDesigner pia asikimbie, lile toleo lao la bure lisilo la biashara lina kikomo cha pikseli 1280 kwa 1280, na laptopu ya kawaida inatosha kujifunzia miezi mingi kabla ya kulipia leseni ya kazi.

Ukienda kununua, tafuta kitu chenye kadi ya grafiki kama GTX 1650 ya NVIDIA yenye memori yake ya 4GB, sloti mbili za RAM, na nafasi mbili za diski, hiyo itakufikisha mbali. Usinunue kwa picha ya mtandaoni. Beba flashi yenye klipu zako zilizo kwa HAP au DXV na programu ya kuzicheza, umwambie muuzaji kwa heshima, boss naomba niitesti. Kopi klipu kwa diski kwanza, usizicheze kutoka kwa flashi. Chomeka chaja, chomeka HDMI kwa tivii yoyote iliyo hapo dukani, juu kuna laptopu ambazo HDMI inapita kwa grafiki ya Intel ata kama kuna NVIDIA ndani, na kwa mipangilio ya grafiki ya Windows uichagulie programu ile ya nguvu. Fungua leya tatu na efekti mbili, fungua HWiNFO kando, alafu ukae hapo dakika 20 mkiongea mambo mengine. Dakika tano za kwanza hazikuambii kitu, kila laptopu inang'aa dakika tano za kwanza. Ikifika 20 fremu bado 30 na joto halijafika 95, anza kuongea bei. Akikataa uitesti, mshukuru uende duka la pili.